Daraja la Wollemond

Hinderikus Boelens alipandisha daraja kwa mikono
miaka thelathini na minane,
zipite mashua za udongo mweusi wa kuchoma,
kisha za viazi,
kisha maji matupu.
Ushuru aliupokea kwa mtalawanda
uliofungwa kwenye ufito wa kuvulia samaki:
nahodha anatia senti, mtalawanda unarudi juu.
Jumapili mtalawanda uleule
uliopoa mipira.

Maana uwanja ulikuwa hapo hapo, ng'ambo ya mfereji,
juu ya ardhi iliyokwisha kuchimbwa na kuuzwa,
chini kuliko barabara, chini kuliko maji yenyewe,
na goli la kaskazini lilizama kila mwaka
upana wa kidole.
Makipa wageni walilalamika.
Wa kwetu tuliwachagua wafupi.

Timu waliiunda wachemsha mabua wa kiwanda cha kadibodi,
mwaka wa ishirini na tatu, baada ya mgomo kushindwa.
Walitaka kushinda kitu, chochote.
Jezi zilikuwa magunia ya wanga
yaliyochovywa rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango.
Mtu akitoka jasho, rangi ilimshika mgongoni,
na jioni, kwenye beseni, mkewe alijua
nani alikimbia na nani alisimama tu.

Salomon van Gelderen, winga wa kushoto, muuza vitambaa,
alivuka alfajiri moja ya Oktoba
kati ya askari wawili, na mama yake, na sanduku.
Daraja lilikuwa juu. Hinderikus aliamriwa alishushe,
akalishusha.
Hilo alilisema mara moja tu maishani, kwa binti yake,
akiwa anamenya kiazi.
Picha ya timu ya mwaka wa arobaini na sita ina watu kumi.
Upande wa kushoto ni nyasi.

Pesa ziliporuhusiwa, walilipwa:
gilda kumi na tano kwa ushindi, tano kwa sare,
wakifungwa, gunia la viazi,
na kuna misimu ambayo mji mzima ulishiba.

Halafu Mei ya sabini na moja, ugenini, dakika ya themanini na nane,
goti la Lammert Doornbos (si kichwa, si mguu, goti)
likatupandisha daraja.
Basi lilirudi usiku wa manane, likakuta daraja limepanda pia.
Hinderikus amesimama na ufito wake:
kila mchezaji senti moja, au mlale hapo.
Walilipa wakicheka, wakilia.
Nahodha Doornbos hakuwa na senti,
akatia kitambaa cha mkononi.

Msimu mmoja. Pointi kumi na moja.
Wakubwa wa magharibi walikuja wakatutia manane,
wakanywa supu yetu ya njegere,
wakaondoka na vijiko viwili.
Tukashuka.
Kiwanda kikafungwa, harufu iliyotukera ikakoma,
tukaikosa.
Vifuani paliandikwa jina la wanga, kisha la benki,
kisha la duka la magodoro,
kisha hapakuandikwa kitu.
Hakimu alisoma dakika nne. Madeni yalikuwa marefu,
ila dobi aliyedai euro mia mbili na sita
ndiye peke yake aliyekuja kusikiliza.

Sasa daraja linaendeshwa kwa kamera
na kijana wa ofisini, mbali, asiyejua kunanuka nini hapa.
Geeske Boelens, sabini na tisa, bado anakaa nyumba ya mlinzi,
kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia ahame.
Jumamosi wasichana wa shule hucheza uwanjani;
goli la kaskazini sasa wanaligusa bila kuruka.
Mpira ukiingia mfereji hawaupigii kelele,
humtazama dirishani tu.

Hutoka na aproni yake, na ufito.
Kwanza huinamisha mtalawanda,
huchomoa kile kitambaa, hukitia mfukoni kisilowe.
Halafu huinama juu ya maji.