Inchi Moja

Kilima cha mrushaji kinataka inchi kumi,
si tisa, si kumi na moja.
Ukikitazama kutoka jukwaani ni kichuguu tu,
mchwa wamehama.
Mimi ndiye nijuaye uzito wake:
ndoo arobaini za udongo wa mfinyanzi,
maji kidogo, shindilia, subiri, shindilia,
na mbele mteremko ushuke inchi moja kila futi,
taratibu, kama mtu atokaye chumba cha mgonjwa aliyelala.

Toka kibao cha mrushaji hadi ncha ya kibao cha nyumbani
futi sitini, na inchi sita
ambazo hakuna aliyewahi kuniambia zimetoka wapi.
Kituo hadi kituo, tisini.
Pembe mraba. Uzi uvutwe mpaka ulie.

Haya alinifunza baba, Otakar, hapa hapa Nebraska,
kwa futikamba yake ya chuma,
mahindi yakitukodolea macho nyuma ya uzio.

Juzi, theluji imebaki mitaroni tu,
niliikunjua mchana kweupe
nikaona namba ya kwanza ni mbili.
Inchi ile ya mwanzo ilikatika zamani, kutu imekula;
kulabu ameirudishia baba mwenyewe, kwa waya.

Nikakaa juu ya ndoo.
Basi kilima chetu ni tisa.
Basi warushaji wetu wamesimama karibu
kwa wanda moja na ushei,
miaka thelathini na moja.

Na Lumir, kaka yangu,
ambaye hapa mpira wake uliingia glavu
kama ufunguo kwenye kufuli,
alikwenda Omaha kujaribiwa
na mipira yote ikazama, chini, chini kidogo.
Wakasema: mkono anao, moyo hana.
Sasa anapakua mahindi ghalani
na mkono ule hauinuki hata kuaga mtu.

Nimwambie?
Baba amelala katika shimo lililopimwa na wengine.

Nilinunua futikamba mpya, dola kumi na nne.
Nikang'oa kibao, nikakirudisha nyuma,
nikaongeza udongo, nikashindilia mpaka giza.
Sikumwambia mtu.

Kesho yake Tobin, miaka kumi na sita,
akapanda, akakwangua kwa kiatu, akarusha.
Mpira ukapita chini ya goti la mpigaji.
Akarusha tena. Chini.
Kilima hakukitazama.
Aliugeuza mkono wake, akachungulia kiganja
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.