Mizani Ina Mdomo

Mkate wa nusu boliviano, alipozaliwa kaka yangu,
ulijaa kiganja cha baba ukamwagika pembeni.
Nilipoanza shule ulienea kiganja cha mama.
Leo nimeuleta hapa, mbele ya Tume ya Bei,
umelala katika kiganja changu mimi, mdogo wa mwili,
na nafasi ya ufunguo wa nyumba imebaki.

Waheshimiwa, bei haikupanda.
Mlisema haitapanda, nanyi ni watu wa neno.
Ulioshuka ni mkate.

Naitwa Zulema Condarco. Nimesomea uchumi,
lakini hesabu nilifunzwa na tanuri letu la Villa Fátima,
saa tisa usiku, mama akikanda, mimi nikipima:
gramu sitini. Mwaka mwingine, hamsini na nne.
Mwaka ngano ilipoadimika, arobaini na nane.
“Usiandike,” alisema mama. “Mizani ina mdomo.”

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Mwokaji akibanwa bei, mkate huutia hewa.
Msimtafute mwizi. Mama alikuwa akitoa sadaka Jumapili
na kupunguza gramu Jumatatu,
mkono ule ule.

Kisha huo unga wenu wa bei ya huruma,
magunia yenye muhuri wa taifa na neno HAUUZWI.
Nimeyaona Desaguadero, alfajiri ya baridi ya kung’ata,
yakivuka kwenda Peru juu ya baiskeli za magurudumu matatu,
yamefunikwa blanketi kama wagonjwa.
Askari wa mpakani aliyatakia afya njema.
Unga haujui wimbo wa taifa.

Bei ni ulimi, waheshimiwa.
Mmeufunga kamba mkadhani njaa imenyamaza;
sasa inasema kwa miguu. Tazameni foleni.
Inasema kwa mlango wa Don Macario mwokaji,
uliofungwa tangu Kwaresima, paka amelala kizingitini.

Hapo nilikuwa nimeandaa mchoro, mistari miwili inayokatana.
Mwanamke wa safu ya nyuma akasimama,
kofia yake ya duara mkononi, shali rangi ya kutu.
“Binti, mimi Nieves, nafua nguo za watu.
Nina sarafu nne, nanunua mikate minne.
Ukishaufungua huo ulimi, utaniambia nini
ambacho tumbo halijaniambia?”

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa,
na asubuhi ile nilikuwa nimekula mayai.

Nikasema: basi itoeni ruzuku kwenye gunia,
iwekeni mkononi mwake, fedha taslimu,
anunue mkate, au viazi, au asinunue chochote.
Gunia huvuka mpaka. Doña Nieves havuki.
Mwenyekiti akaandika. Jirani yake akapiga miayo.

“Na orodha ya majina,” akauliza Nieves, “ataandika nani?
Maana ile ya blanketi, baada ya mafuriko,
iliandikwa na shemeji wa diwani,
na waliopewa blanketi ni waliokuwa nazo.”

Miaka minne chuoni, hakuna aliyenitajia shemeji.
Soko lina upofu wake; serikali ina mashemeji.
Bado nasimama pale niliposimama,
afadhali bei chungu inayosema kweli
kuliko tamu inayokonda gizani,
lakini ukurasa wangu wa mwisho, ulioitwa Hitimisho,
niliukunja nikautia chini ya mguu wa meza
iliyokuwa ikiyumba.

Kikao kikaahirishwa hadi siku isiyotajwa.
Mkate wa ushahidi ukabaki peke yake.
Nieves akaja, akaunyanyua, akaurusharusha kidogo kiganjani.
“Arobaini na mbili,” akasema.
Sikuwa nimemtajia mtu uzani huo.
Akaumega. Kipande kidogo akanipa mimi,
kikubwa akakitia ndani ya kofia,
akaivaa, akatoka.