Sahani Mbili za Kijani

Unga wake mwepesi kama majani ya mlonge yaliyotwangwa;
ukifungua kopo kwa pupa utapiga chafya hadi adhuhuri.
Nachemsha tu, siuingizi kwenye mtungi wa mvuke.
"Huu ukiuzidishia moto unanuna,"
alinifunza Skolastika Gwasa, kabla hajastaafu akarudi Kasulu,
"na ukinuna hausemi kweli."

Mna sukari humo, ya kumwita.
Mna chumvi, mna ukali wa magadi anaoupenda.
Na mna nyongo ya ng'ombe,
ile ile tunayomwonya mchinjaji asiitumbue,
ya kuwafukuza wengine wote.

Maana utumbo wa mtu ni mwalo wa Kibirizi siku ya dagaa:
ukiwaandalia wote, watakuja wote,
na katika kelele ile hutasikia jina la yeyote.
Chakula hiki hakikupikwa kushibisha.

Juzi jioni boti ya Sunuka ilileta mapacha,
Bukuru na Butoyi, miaka minne.
Bukuru macho yamedidimia, choo chake maji ya mchele.
Butoyi anaharisha kidogo tu, analilia soda.
"Wanakula sahani moja," alisema mama yao,
"hata wakigombana wanagombania mto mmoja."
Nikaandika 114. Nikaandika 115.
Mara ya kwanza tangu wazaliwe
kila mmoja na sahani yake.

Saa nane usiku umeme ukakatika, Gungu hadi Bangwe giza.
Jenereta ilikohoa, ikakataa, ikakohoa.
Nikauweka mkono kwenye mlango wa kabati la joto
kama mtu anayempapasa mtoto homa:
thelathini na saba. Thelathini na sita na nusu.
Joto la Bukuru, nikawaza,
ndilo ninalomtunzia adui wa Bukuru.

*Mgeni njoo, mwenyeji apone.*
Niliisema kwa sauti, peke yangu,
kwa kiumbe nisiyemwona:
njoo basi. Jitokeze.

Asubuhi, 114 ilikuwa manjano.
Vidoa bapa, vinang'aa, sukari wameila,
na kijani chote kilichowazunguka kimebadili rangi.
Bado nitawahamishia kwenye lishe ya kawaida,
nao watajibu maswali mengine,
lakini mkono ulikuwa tayari kwenye simu:
afisa afya, klorini, Sunuka, leo hii.

115, kijani kitupu.

Mama alikuwa dirishani. "Kwa nini mmoja?"
Sahani yangu haijui hilo, mama.
Inajua nani anaistahimili nyongo.
Na kijani si neno *mzima*;
ni neno *sikumwona*.
Sikumwambia hivyo. Nilimwambia dripu inaendelea vizuri,
jambo ambalo pia lilikuwa kweli.

Koridoni Butoyi alikuwa na kibakuli cha uji.
Alikunywa, akakiinua kwenye mwanga, akapima kwa jicho,
akakiweka chini kikiwa na nusu.
"Ya Bukuru."

Nikakiondoa. Alilia kama niliyemvunjia mkono.
Nikamletea kingine, kimejaa,
akakinywa mpaka nusu
akanitazama.