Mfunua Kurasa

Anselmi aliugua malaria, ndipo nikaitwa mimi,
mwalimu wa hesabu, mpiga kinanda wa misa ya pili,
suruali ya kuazima, kiti kisicho na mgongo
kushoto kwa Bituro.
"Nikitikisa kidevu, funua. Usipumue kwa sauti."
Maelekezo yakaishia hapo.

Piano ilipandishwa Capri Point kwa mkokoteni wa samaki,
watu tisa na kamba za manila,
ikaingia ukumbini harufu ya sangara ikiwa bado miguuni.
Unyevu wa ziwa umeiuma. Fundi kutoka Bukoba
alikesha nayo siku mbili, akashindwa na kitufe kimoja,
cheusi, cha tatu kupita kufuli.
"Huyo bubu," alisema, akifunga mkoba. "Mzungukeni."

Holo akatokea, fidla kwapani
kama mtu anayetoka kununua mkate.
Wakaanza na ya milima ya Hungaria, hatua fupi fupi,
kama mtu anayeteremka na ndoo iliyojaa.
Halafu tango ya Ajentina, na mama wawili wa kwaya ya Kirumba
wakaangalia viatu vyao mpaka ikaisha.
Halafu ya India: fidla ikiteleza kati ya noti na noti
pale ambapo piano haina mlango,
na mzee Jayantilal wa duka la misumari, Mtaa wa Rwagasore,
akihesabu kwa kidole gumba, pingili kwa pingili,
kumi na sita, anarudi, kumi na sita,
machozi yakimfuata hadi kwenye sharubu.
Miaka kumi na moja nafundisha kuhesabu.
Sijapata kuona uso ule darasani.

Watu walipiga makofi kabla ya wakati.
Holo akawangoja, upinde umeshuka,
kama unavyongoja mbuzi wavuke barabara.

Usubi wa ziwani ukaifuata taa,
ukajaa juu ya karatasi. Mmoja alitua mstari wa tatu
penye nafasi tupu, akatulia.
Bituro akampiga,
si kwa kofi, kwa kidole cha nne:
aliipiga noti ya mdudu,
na ikafaa.

Ya mwisho Holo aliitunga mwenyewe. Programu iliiita "Palizi".
Ukurasa wa nne, umeme ukakatika.

Kidevu cha Bituro sikukiona tena.
Hakuna aliyeguta. Dirishani,
nyuma ya kisiwa cha Saanane, taa za wavua dagaa,
ndogo, zikitikisika, hazina habari nasi.
Nikangoja wanyamaze. Hawakunyamaza.

Fidla ikaanza chini, kukwaruza kama wembe,
Bituro kwa nyuzi ndani, kapiga kama kwa jembe,
Na mguu sakafuni, ukenda kama wa ng'ombe,
Nikanusa la zamani, vumbi la shamba na tembe.

Sikukusudia vina. Vilikuja vyenyewe,
kama vile Holo hakusema neno zeze
na zeze lilikuwa mle, uzi mmoja,
mkavu, unaoomba maji.
Na yule bubu hawakumzunguka. Kila duru
Bituro alirudi kwake, tok,
mbao juu ya mbao,
jembe limekuta jiwe.
Na huu ni mji wa mawe: mara ya tatu
ukumbi mzima ukalijibu kwa visigino, tok,
mzee wa misumari, mama wa kwaya,
mlinzi mlangoni kwa kitako cha rungu.

Umeme uliporudi walikuwa wamekwisha kumaliza.
Tukatazamana kwa haya, kama tulioamshwa ugenini.
Mkono wangu ulikuwa juu ya karatasi,
ncha imelowa jasho, ukurasa umefunuliwa.
Lini, sijui.

Bituro aliuangalia, akampuliza mdudu,
akasema bila kunigeukia,
"Umechelewa nusu kipigo."