Nyuzi Ishirini na Mbili

Juu Isamilo, nyuma ya jabali lililokaa kama gunia la mkaa,
kuna chumba kisicho na dirisha.
Kiyoyozi chake kimekula yamini:
nyuzi ishirini na mbili, usiku na mchana,
nje kuwe na jua kali au mvua ya mawe.
Ufunguo ninao mimi,
Limi Shigela, mhudumu wa panya, zamu ya usiku,
sweta la marehemu shangazi chini ya koti jeupe.

Panya mia moja na ishirini.
Nawatandikia maranda ya seremala wa Igoma,
nawapimia chakula kwa gramu,
na kila alfajiri nawakuta wamelaliana pembeni,
pua ya huyu chini ya tumbo la yule,
mpira mmoja wa manyoya
unaotetemeka kidogo, kidogo tu,
kama uji kabla haujachemka.

“Hiyo ndiyo kawaida,” alisema Dokta Rweyongeza
siku ya kwanza, naye amevaa jaketi.
Kawaida ya nani, sikumuuliza.
Mengine alinieleza vizuri, sina lawama:
katikati ya mabega ya panya kuna mafuta ya kahawia,
na mafuta hayo si akiba, ni jiko.
Baridi ikibisha hodi, jeni zilizolala humo huamka,
husema washa, choma, usiweke cha kesho.
Joto likija, hunyamaza moja moja,
jiko likawa ghala,
kahawia ikapauka.
Jeni ni zilezile, Limi.
Kinachobadilika ni nani anasema, nani amefunga mdomo.

Nikafikiri ukoo wetu kwenye kikao cha mahari.

Jumanne jioni umeme ukakatika.
Jenereta ilikohoa mara mbili, ikakata roho.
Fundi Kwilasa alikuwa Ukerewe, msibani;
simu yake iliita, iliita.
Bati la paa na jabali la nyuma
vilikuwa vimekunywa jua tangu asubuhi,
sasa vikaanza kulirudisha, polepole, kama mdeni mwaminifu.
Ishirini na nne.
Ishirini na sita.
Jumatano mchana: ishirini na tisa.
Nilikuwa bado zamu, aliyepaswa kunipokea hakuja.
Nikamulika vizimba kwa tochi ya simu
nikitegemea maiti.

Mpira ulikuwa umefumuka.
Huyu huku, yule kule, kila mmoja na nafasi yake,
na mmoja chali, miguu minne hewani,
mdomo wazi, bila haya,
kama mwanangu Mbuke juu ya mkeka saa nane mchana.
Hakuna aliyetetemeka.
Miaka mitatu nawalisha
na sikuwahi kuwaona wamelala.
Nikavua sweta. Nikakaa sakafuni.

Daftari la joto lina safu moja tu ya kujaza.
Geuza kurasa zote: 22, 22, 22,
mwandiko wangu, mwandiko wa walionitangulia.
Kalamu ilijua njia peke yake.
Nikaishika kwa nguvu, nikaandika 29,
na saa, na jina langu kamili.

Wiki ya pili dokta alishuka na majibu mkononi.
Alifoka kwanza, ya jenereta, ya bajeti, ya Kwilasa.
Kisha akaniwekea karatasi mbele, vidoti vyekundu na buluu:
jeni ya jiko, iliyopaza sauti mwaka mzima,
imeshuka mpaka chini, karibu haisikiki.
“Mwaka mzima,” alisema tena, si kwangu.
Akatazama daftari. Akatazama jaketi lake.
Kisha akauliza jambo
ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza pale:
“Walilalaje?”

Nyumba njema si mlango, nilitaka kumwambia.
Nikamwambia tu: “Mbalimbali.”

Umeme ulikuwa umesharudi Alhamisi ile.
Kiyoyozi kiliguna, kikakumbuka kiapo chake.
Nilisimama mlangoni nikiangalia
mmoja akijikunja, akimtafuta mwenzake,
wa tatu akiwafuata.
Nikawaongezea maranda, konzi mbili kila kizimba.
Hiyo sikuiandika popote.
Nikavaa sweta.