Karai la Fundi Ndekirwa

Nimeliazima kwa fundi anayejenga nyuma ya shule,
lina ukoko wa saruji ukingoni,
na mchanga wake ndoo mbili.
"Urudi kabla ya saa nane, mwalimu.
Ukuta haungoji."

Darasa la sita, Njoro, watoto hamsini na tatu
na dirisha moja linalofunguka.
Ubaoni nimechora rasi, nimechora ghuba;
chaki imekatikia kwenye rasi.

Mchanga tumeulaza upande mmoja,
juu yake nyumba ya kiberiti, mlango wa kalamu nyekundu.
Maji ya bomba, baridi ya mlimani bado imo ndani yake.
Elirehema kashika rula.
"Sukuma taratibu, kama unayembembeleza mtoto."

Wimbi likapanda, likalamba, likarudi nusu yake,
nusu ikazama kimya mchangani.
Lilichokibeba likakiacha.
"Wimbi la namna hii," nikasema, "ni mgeni wa heshima,
haji mikono mitupu."

"Sasa kasirika."
Akakasirika, ulimi nje, rula inapiga,
wimbi juu ya wimbi, la nyuma halimngoji la mbele kushuka.
Ukingo ukamegeka.
Nyumba ya kiberiti ikainama, ikakaa,
ikaingiza maji mlangoni.
Darasa likapiga makofi.
Mimi sikupiga.

Nikawaonyesha wimbi lijalo kwa mshazari:
punje hupanda upande upande,
hushuka wima, hupanda tena upande,
mpaka jioni imehama ufuko mzima bila kuaga.
"Kama babu akitoka kwenye mbege, Kibosho,"
akasema Aikande kutoka dawati la nyuma,
"anapanda kwa mshazari, anateleza wima,
asubuhi anaamkia kihamba cha watu."
Hicho ndicho kitabu kilishindwa kukieleza
kwa kurasa mbili na mishale saba.

Kisha swali, halina adabu wala ubaya:
"Mwalimu, wewe bahari umeiona?"

Sijaiona.
Ila dada yangu Ndeanasia kaolewa Pangani,
na juzi usiku kanipigia simu, sauti yake na mvumo nyuma yake.
Jiko limekwenda, kasema.
Mnazi wa tatu umelala kifudifudi.
Bahari ni ileile, kasema, sisi ndio tumepungukiwa ufuko.

Sikuwaambia hilo.
Nilichota mchanga kiganjani, nikawauliza umetoka wapi.
"Kwa fundi!"
Na fundi? "Kwenye tipa!"
Na tipa? Kimya, halafu mmoja: "Weruweru."
Weruweru, naam, nao umetoka kwenye jiwe la juu kule
lililopasuliwa na baridi,
likasagwa, likaviringishwa, likapigwa msasa na maji
mwaka kwa mwaka, likielekea pwani
kumlisha mtu ambaye hatujaonana naye.
Sehemu imelala chini ya bwawa, Nyumba ya Mungu, haiamki.
Sehemu tumeikuta njiani na makoleo.
Sehemu ndiyo hii, kiganjani mwangu,
inangoja kuwa ukuta.

Wimbi ni fundi.
Fundi asiyeletewa mchanga
hubomoa nyumba yake apate wa kuendelea.

Kengele. Wametoka mbio, madawati yakigongana.
Nimemwaga maji chini ya mgrevilea,
nimechambua mchanga kwa vidole, nikatoa nyumba ya kiberiti,
na saa nane kasoro dakika kumi nikamrudishia Ndekirwa mali yake.
Akaupima kwa jicho.
"Umepungua."
"Ndiyo," nikasema. "Umepungua."
Akatikisa kichwa, akachanganya hivyo hivyo.

Rula ya Elirehema imesahaulika mezani.
Imekauka. Kwenye sentimita ya saba
kuna ufuko mwembamba wa punje zilizong'ang'ania,
umepinda kidogo,
kama ghuba.

Sijaufuta.
Nimeandika namba ya Ndeanasia, nimeifuta, nimeiandika.
Nikimpigia nitamwambia nini:
kwamba ukuta wa darasa jipya
umefika usawa wa dirisha?