Tanbihi ya Kumi na Moja

Tasnifu yangu ilianzia mbali,
kama tulivyozoeshwa kwamba elimu huanzia mbali:
milima ya Andes, watu wasiokuwa na kalamu,
waliohesabu mahindi, askari na kodi ya mfalme
kwa mafundo ya uzi wa pamba, wa sufu ya lama.

Kurasa thelathini niliziandika Nyegezi,
chumba cha wasichana wanne na feni moja mbovu,
nikichechemea na Kihispania cha kuokoteza
kwa kamusi iliyonyofoka herufi M yote;
kwa hiyo kifo, mama na bahari
nilivikisia tu.
Sura ya pili nikaiita "Dola Isiyo na Maandishi".
Dokta Rwechungura akaweka vema pembeni,
wino wa kijani.

Likizo ikaja, na jua la kuanikia.
Shangazi Milembe akaniita Kirumba, Mwaloni,
nigeuze dagaa, nifukuze korongo,
wale wenye vipara, wanaotembea kama maafisa wa ushuru.
Kibandani kwake, nyuma ya mlango,
msumarini, zilining'inia nyuzi za nyavu kuukuu,
kila mmoja na mafundo yake.

"Hizi ni nini, shangazi?"
"Hizo? Hao ni watu."

Nikatupa reki.

Fundo la duara ni gunia lililolipwa.
Fundo la kitanzi, linalofunguka ukivuta, ni gunia la ahadi.
Mafundo mawili yaliyokumbatiana ni mume na mke, deni moja,
"na usimdai mmoja mwenzake hayupo, utavunja nyumba."
Uzi wa bluu ni Wakongo. Mweusi, wa Geita.
Mwekundu
(akaufuta vumbi kwa pindo la kanga)
mwekundu ni waliokufa na deni langu.
"Hao siwadai. Ila siwafungui."

Nikamuuliza nani alimfundisha.
Akasema daftari liliibwa, mwaka ule wa kipindupindu.
"Uzi hauibwi. Mwizi akiuona, anaona taka."

Nami nikamsimulia ya milimani:
jinsi wageni walivyokuja na farasi na msalaba,
wakazichoma nyuzi, mafungu kwa mafungu,
na leo maprofesa wa nchi tatu wanagombania majivu.
Alisikiliza huku akichambua mchanga kwenye dagaa.
Kisha: "Na madeni je? Walisamehewana?"
Nikasema vitabu havisemi.
"Basi waliouliza hawajawahi kukopesha."

Nimerudi chuoni na swali hilo mkobani,
linanuka samaki.
Dokta akavua miwani: "Rejea iko wapi?
Mwandishi, mwaka, mchapishaji?"
Nikajibu: Milembe ng'wana Lushinge.
Mwaka, bado unaendelea.
Mchapishaji, msumari wa inchi nne.
Alicheka mpaka akakohoa, halafu hakucheka.
"Mpeleke kwenye tanbihi," akasema,
na yule mama wa Mwaloni, mwenye watu ukutani,
akashuka chini ya ukurasa, herufi ndogo:
mhojiwa namba nne, mwanamke, miaka hamsini na minane,
elimu: hana.

Usiku umeme ulikatika nikiwa hapo hapo, kwenye "hana".
Nje, mawe ya Mwanza yamepandiana gizani,
jiwe juu ya jiwe, na hakuna aliyeyapanga,
na watoto wa Mabatini bado wanajua lipi ni la nani.
Uliporudi, nilifuta neno lile.
Halafu nikafuta jina la sura ya pili.
Sijapata jingine.

Jumamosi nilimpelekea nakala, imejalidiwa vizuri.
Akaipima mkononi kama anayepima sangara,
akatafuta jina lake, kidole kikishuka, kikishuka,
mpaka chini kabisa.
"Mmeniweka na viatu," akasema.

Kisha akakata kipande cha uzi mweupe,
akakifunga taratibu, makusudi nione.
"Siku tatu uliniacha na dagaa, ukiuliza."

Sura ya tatu haijaandikwa.
Mimi nipo Mwaloni, nyuma ya mlango,
uzi mweupe,
fundo la kitanzi.